Dawa Mbili, Tumbo Moja

Safotu, Savaii, Samoa

Mwanangu Sinapati,

Nakusalimu kwa moyo wote, na naomba baridi ya huko Niu Zilandi iwe imekuachia vidole vyako. Sisi huku wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo limekuwa kama mkwe mbaya: kila asubuhi lina neno. Jike la nguruwe limezaa. Anayeandika ni mwanao Fuatino, maana mimi sikupewa kalamu, nilipewa mdomo, na nimemwambia aandike kila ninachosema, hata matusi.

Nilitaka kukupa habari ya furaha. Yale maumivu ya mwezi ya Fuatino, yaliyokuwa yakimkunja kama mkeka na kumtoa darasani, nimeyashinda. Namlaza, napasha majani ya mti wetu wa dawa, nonu, motoni, nampaka mafuta ya nazi, namkanda kutoka kitovuni kushuka mpaka tumbo lilegee. Halafu chai ya tangawizi. Haupiti muda, mtoto anaamka anauliza kama magimbi yameiva! Mke wa mchungaji amekwisha kuniomba nimkande binti yake. Lupe, yule muuguzi, aliwahi kuniambia joto na kidonge si maadui. Nilimtoa na ufagio. Huu ni ugonjwa wa Kisamoa, na wewe unajua tulivyolelewa: ukiutia dawa ya hospitali unakasirika, unaua. Fahali wawili hawakai zizi moja, sembuse tumbo la mtoto.

Basi nimefika hapo, kalamu imesimama. Nimemuuliza Fuatino kama wino umeisha. Nimemtazama, analia. Ndipo ameniambia, Sinapati, kwamba tangu Pasaka unamtumia vidonge vya maumivu, ibuprofeni, ndani ya soksi, na umemfundisha ale kwanza, ameze tumbo linapoanza tu, kisha ndiyo aje alale kwenye mkeka wangu. Na mimi nisijue.

Mjanja wewe, mwizi wa sifa za mama yako! Andika, Fuatino, usipunguze.

Sasa sijui nicheke au nipande ndege nije nikuchape. Kumbe muda wote huo nimekuwa nikimkanda mtoto mwenye dawa ya kizungu tumboni. Ningemuua kwa mikono hii hii. Lakini hakufa, amenenepa! Kwa hiyo ama wazee walinidanganya, ama ugonjwa huu si wa Kisamoa, ama mikono yangu si mikono. Nimemtaka aseme kweli, ni kidonge au ni mimi? Anasema nilipokwenda Apia mazikoni alimeza peke yake, maumivu yakapungua, ila alilala akinililia. Na soksi yako ilipochelewa, mikono yangu ilimpa nafuu, lakini shule hakwenda. Hilo ni jibu gani? Nimemuuliza tena, kanijibu vilevile.

Mwandiko umepinda hapa kwa sababu tumbo limeanza sasa hivi, kama lilikuwa linatusikiliza. Nimemlisha gimbi. Soksi nimeileta mwenyewe, nimemtazama akimeza, na mkono wangu uko juu ya tumbo lake, unapapasa kama wa mtu asiyewahi kukanda. Zamani nilikuwa nachanganya bila kujua. Leo najua, na naogopa. Nimemwambia asiache kuandika, aandike lolote. Kalamu ikienda, nitajua yupo.

Tuma soksi nyingine, safari hii kubwa, na iandike jina langu. Maumivu yakimzidi hata kwa kidonge na mkono pamoja, nitampeleka kwa Lupe mwenyewe, na ufagio nitauacha nyumbani. Wasalimie wote wa kanisani kwenu, na ule ushibe.

Bado anaandika. Anasema mkono wangu mzito, nimkande taratibu, na anauliza kama gimbi limebaki.

Mama yako, akupendaye na ujanja wako wote,
Vaitoa