Kilichoiangusha Ndege ya Enock

Ilongero, 4 Machi 2024

Mwanangu Anselm,

Hujambo huko pwani? Mimi mwili mzima, ya moyoni Mungu ajua. Mvua imekatika, alizeti zinanyauka.

Wewe ndiye uliyekuwa fundi wa ndege aliyoirusha Enock, na kwenu na kwetu ni mlango mmoja, basi nakuuliza wewe. Maofisa waliokuja walisema huenda ni injini, huenda iligonga ndege wa porini, huenda mwanangu alizidiwa na uchovu. Chombo kiko chini baharini, hakijatolewa. Huenda zao hazinisaidii.

Asubuhi ya ajali Enock alinipigia simu kwamba hakupewa ruhusa ya kuja kumzika mjomba wake. Nikamjibu, "Basi na siku yako watu wasije." Watu walikuja, mwanangu, uwanja ulijaa, ila hapakuwa na cha kuzika. Niambie ukweli. Ni mdomo wangu?

Mama yako,
Mama Enock

Kambini, 19 Juni 2024

Mama, shikamoo.

Poleni na msiba na kazi za mavuno. Mimi nipo. Nisamehe kwa kimya, kila nikishika kalamu naiweka.

Si mdomo wako, mama. Asubuhi ile niliona mafuta yakidondoka chini ya injini. Kwetu kazini fundi akisema hairuki, hairuki, hata rubani awe nani. Nilimwambia Enock, akasema, "Mdogo wangu, hayo ni mafuta ya jana, usinicheleweshe." Vijana wa kazi walikuwa wanatuangalia. Nikaona haya kumbishia kaka mbele za watu, hatukulelewa hivyo. Nikatia saini kwamba ndege ni nzima.

Kama ndicho kilichomwangusha, hakuna ajuaye. Lakini niliona, nikanyamaza. Nimewaeleza wachunguzi, wamenisimamisha kazi. Najuta, mama. Niruhusu nije nikuangukie miguuni.

Mwanao,
Anselm

Ilongero, 2 Julai 2024

Anselm,

Salamu. Huku tunapepeta uwele.

Nilipomaliza kusoma barua yako nililala mpaka jua likanikuta kitandani, jambo ambalo sijalifanya tangu msiba. Nilipoamka niliona aibu, maana nilikuwa nimefurahi kwamba ni wewe, si mdomo wangu.

Nikisema nimekusamehe nitakuwa mwongo. Na ukija nitakupokea, nitachinja kuku na kukusongea ugali, kwa kuwa mtoto wa nyumbani hafukuzwi. Ndiyo maana nakuomba usije.

Mama Enock