Chupa Niliyoisoma kwa Sauti

Shangazi Pi-hsia mpendwa,

Nakuomba unisaidie, ila usinionee huruma haraka, maana hujasikia bado. Majina nimeyabadilisha, aibu sikuweza.

Nina saluni ya viti viwili hapa Tainan, nyuma ya soko la mboga, na wateja wangu ni akina bibi wanaokuja kila wiki kuoshwa nywele wakiwa wameketi, unajua mwenyewe mambo yetu, namimina shampuu kwenye nywele kavu, naongeza maji kidogo kidogo, nasugua na kukanda mpaka povu linasimama, robo saa nzima, wao wanasinzia na kusengenya, ndipo tunakwenda kwenye sinki kusuuza, na kwa miaka kumi na tisa sikuwahi kuona haya kumtazama mteja kwenye kioo mpaka mwaka huu.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba mtaa mzima unanijua kama mtu wa lebo. Nilisomea kozi ya miezi mitatu, nikarudi na lenzi ya kukuzia maandishi, nimeitundika kwa uzi pembeni ya kioo, na watu wananiletea chupa zao niwalinganishie. Nimewafundisha kwamba viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi, kwanza maji, halafu zile sabuni zenyewe zinazotoa povu, na vya mkiani ni chembe tu, na kwamba neno "manukato" ni mfuko, huwezi kujua ndani mna vitu vingapi. Siku moja niliwawekea chupa mbili, moja ya bei ya kutisha na moja ya dukani pa kawaida, viambato saba vya kwanza vilevile kwa mpangilio uleule, wakacheka mpaka wakashika mbavu, tangu hapo wananiita Mwalimu.

Basi huyo Mwalimu, Shangazi, kabla ya Mwaka Mpya aliishiwa shampuu nzuri, ile laini ninayoagiza kwa wakala, na akina bibi tisa wamekaa kwenye benchi wanataka kupendeza, nikachukua galoni ya shampuu ya jumla niliyokuwa nayo stoo, ya kuoshea taulo na vitana, nikaijaza kwenye ile chupa nzuri, nikasema ni leo tu. Sasa ikatoka povu hilo! Jeupe, zito, wakanisifu, "Mwalimu, leo umetia nini, mikono yako imekuwa ya dhahabu," na mimi nikacheka tu, na wakala alipoleta mzigo niliuacha kwenye boksi, nikaendelea na galoni, miezi saba.

Miongoni mwao yumo Bibi Kuo. Mwaka juzi hospitali walimbandika plasta za kupima mgongoni, wakagundua kuna kihifadhi kimoja, cha kuzuia sabuni isiharibike, ambacho ngozi yake haikitaki kabisa, wakampa kadi yenye jina la kihifadhi hicho, herufi ishirini na moja za Kilatini, nimezihesabu, methylisothiazolinone, na kadi hiyo aliniletea mimi kabla hata ya kumwonyesha mwanawe, akasema, "Mwanangu, mimi macho sina, wewe ndiye macho yangu." Chupa yangu nzuri haina kitu hicho. Galoni inacho, mkiani kabisa, mstari wa mwisho. Nakuapia siku ile ya kwanza sikuangalia, lakini miezi saba, Shangazi, na lenzi inaning'inia pale pale.

Mwezi wa nne kichwa chake kikaanza kuwasha, mwezi wa tano nyuma ya masikio kukatoka malengelenge. Bibi Kuo anaishi na mwanawe A-teng na mkwewe Lieu, msichana wa Kivietnamu aliyeolewa huku miaka tisa sasa, ambaye humchemshia mama mkwe maji ya kuoshea nywele katikati ya wiki, maganda makavu meusi ya mti wa kwao wanaouita bo ket, pamoja na maganda ya balungi, kama alivyofundishwa na mama yake. Mtaani wanayaita "supu ya Lieu". Kwa hiyo lawama ikajua njia ya kwenda.

Lieu hakununa. Alikuja saluni siku Bibi Kuo yuko kwenye kiti, kichwa kizima povu, akapanga kwenye meza yangu kila kitu kilichomo bafuni na jikoni kwao, shampuu, sabuni ya maji, ya vyombo, ya nguo, na mwisho mtungi wa kioo wenye yale maji ya kahawia. Akaniambia, "Dada, nisomee zote. Kuongea naongea, lakini maandishi madogo bado yananipiga chenga. Kama ni mimi ninayemuumiza mama, nataka nijue."

Nikasoma. Chupa moja moja, kwa sauti, na lenzi. Hakuna. Hakuna. Hakuna. Akasema, "Na hii ya kwako, dada, usikasirike, tusome zote." Nikaichukua chupa yangu, mikono ina povu lake, nikaisoma kwa sauti kuanzia maji mpaka mwisho. Nikasema, "Hakuna."

Ukabaki mtungi. Bibi Kuo akasema kwenye kioo, "Si nilisema? Si nilisema mimi! Miaka yote nakula chakula chake nimenyamaza, sasa anataka kunichuna ngozi." Lieu akaniangalia mimi, hakumwangalia yeye. Na mimi nikasema maneno ambayo nayasikia nikiamka na nikilala, "Kitu kisicho na lebo, siwezi kukisemea."

Aliyamwaga yale maji kwenye sinki langu. Hakulia. Aliusuuza mtungi, akanishukuru, akaondoka na mfuko wake wa chupa.

Siku ile ile niliitupa galoni nje ya stoo, nikafungua boksi la wakala. Na sasa ndio balaa lenyewe, Shangazi, kwa sababu Bibi Kuo akaanza kupona. Wiki tatu, ngozi imetulia, nyuma ya masikio pamekauka, na kila mtu anasema, "Mnaona? Supu imekoma, na ugonjwa umekoma." Nilidhani nimesahihisha, kumbe nimemfunga Lieu kamba ya pili. Mumewe hamsemeshi. Mama mkwe hali chakula alichopika yeye. Na usiku wa sikukuu ya mwezi mpevu, mtaa mzima tukiwa nje tunachoma nyama, Lieu amekubali kupiga magoti mbele ya ndugu na majirani, ampe mama mkwe chai ya kuomba radhi. Alikuja kuniambia mwenyewe. Alisema, "Dada, pengine kweli ni mimi. Nimefikiri sana, pengine maganda yaliingia ukungu." Akaniomba nimtengeneze nywele asubuhi ya siku hiyo, asionekane mtu asiyejali.

Nimekubali. Nimemwandika kwenye daftari, saa tatu.

Sasa nauliza, kwa kuwa mgonjwa amepona na sabuni nimeshabadilisha, je, nikisema sasa si nitawavuruga watu walioanza kutulia? Nikisema, nimekwisha, hakuna bibi atakayekaa tena kwenye kiti changu. Nimefikiria kumpelekea Lieu zawadi nzuri, au nimnong'oneze Bibi Kuo amsamehe tu bila chai. Naona haya hata kuandika. Nishauri.

Mwenye Lenzi, Tainan

*

Mwenye Lenzi,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimetoka kuoshwa nywele, nikajikuna kichwa mara tatu kabla sijafika mwisho. Ahsante sana kwa hilo.

Uliniomba nisikuonee huruma haraka. Sawa, nitakuonea kidogo tu, halafu tufanye kazi. Umeandika ukurasa mzima bila kujitetea sana, na jambo lile baya kuliko yote, lile neno lako kuhusu lebo, umelileta wewe mwenyewe, hakuna aliyekubana. Najua umeumia. Haya, huruma imeisha.

Unajua wazi cha kufanya. Hukuniandikia kuuliza njia, umeniandikia kuomba ruhusa ya kunyamaza, na umeichagua siku ambayo mgonjwa amepona ili ruhusa ionekane ina busara. Sikupi. Mama wewe! Mtu anakwenda kupiga magoti kwa ajili ya galoni yako, nawe umemwandika saa tatu umpambe?

Tena usilisingizie povu. Shampuu ya galoni haina kosa. Ungeiacha kwenye galoni yake, na lebo yake, ukawaambia akina bibi, "Leo ile nzuri imekwisha, nina hii," wangelalamika dakika mbili wakakaa. Na Bibi Kuo angetoa kadi yake, mngesoma, angesubiri wiki ijayo. Kosa ni chupa. Na kosa kubwa kuliko chupa ni sauti yako ulipoisoma, kwa sababu yule binti alikuja kwako na kila alichonacho, hata cha kumwangamiza mwenyewe, akakiweka mezani. Kwenye meza ile kulikuwa na kitu kimoja tu cha uongo, na kilikuwa na maandishi mazuri.

Na wewe Mwalimu, ulifundisha nusu ya somo. Uliwaambia cha mkiani ni chembe. Kwa mimi na wewe, sawa. Kwa Bibi Kuo, kile cha mstari wa mwisho ndicho cha kwanza kusomwa, na kinakaa kichwani robo saa nzima huku unamkanda. Kawafundishe hilo pia, kama watarudi.

Sasa sikiliza, na usinipunguzie hata moja. Ile galoni uliyoitupa nje ya stoo, natumaini bado ipo. Iokote. Ukiikosa, nenda ulikoinunua ukachukue nyingine kama ile ile, maana bila hiyo utaanza kuzungukazunguka kwa maneno. Usinunue keki za mwezi za sikukuu. Usinunue zawadi ya aina yoyote, zawadi kwa Lieu sasa hivi ni kumziba mdomo, hata kama moyoni unaita upendo.

Nenda nyumbani kwao A-teng akiwepo, kabla ya sikukuu, si siku yenyewe. Weka galoni mezani, weka ile chupa yako, omba kadi ya Bibi Kuo, toa lenzi, na usome galoni kwa sauti, kama ulivyozisoma zile nyingine, polepole, mpaka herufi zako ishirini na moja. Halafu useme: hii ndiyo iliyokuwa ndani ya hii, miezi saba, na nilijua siku ile niliposoma. Hayo ya mwisho usiyameze. Ukisema ulikuwa hujui, utakuwa umeijaza chupa mara ya pili.

Siwezi kukuahidi kwamba maganda ya kwao hayamwashi mtu yeyote duniani, miti nayo ina yake. Ila kihifadhi kile hospitali walishakijua, na kupona kwake kunalingana vizuri tu na siku uliyoiondoa galoni. Bibi Kuo arudi kwa daktari na hiyo galoni, waamue wao. Wewe umeshasemea vya kutosha.

Bibi Kuo atakutukana. Mwache. Atakuwa na haya zaidi yako, kwa aliyomfanyia mkwewe, na mtu mzima mwenye haya hupiga kelele. Wateja wengine waambie pia, mmoja mmoja, kabla hawajasikia sokoni. Wengine wataondoka. Wana haki.

Chai ya usiku wa mwezi mpevu isifutwe, watu wameshaalikwa. Ila atakayekishika kikombe ni wewe, na atakayekaa kwenye kiti ni Lieu.

Lakini kabla ya yote hayo, kabla ya mama mkwe na mume na majirani, mwambie Lieu peke yake kwanza, asije akashtukizwa mbele ya watu mara ya pili. Mpigie simu leo aje saluni. Akifika atakwenda kukaa kwenye kiti, kwa mazoea, na wewe kwa mazoea utachukua taulo. Iweke chini. Usimguse nywele, usimtie hata tone la maji. Mtu mwenye povu kichwani hawezi kuinuka akaondoka, na yeye ukimaliza kumwambia, ni lazima aweze.

Shangazi Pi-hsia