Sahani ya Peke Yangu

Mvumi, Jumapili

Kwa dada yangu Penina,

Shikamoo. Unaendeleaje, na shemeji Sostenes na watoto hapo Nzuguni hawajambo? Huku mama anaendelea vizuri, magoti tu yanamsumbua, na uwele shambani mwaka huu umekubali. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu sauti yako inachanganyika na zile nyingine za kichwani mwangu, nashindwa kujua nimjibu nani. Kwenye karatasi tuko wawili tu.

Kwanza asante kwa shati. Limenikaa vizuri, ila sina pa kwenda nalo. Unajua dawa zinavyonitetemesha mikono. Tulipopata wageni nilimwaga mlenda kwenye suruali ya baba mdogo Matonya. Hakugomba. Alimwambia mama anitengee sahani yangu, nile kwa nafasi. Tangu hapo wanaume wanakula bakuli moja kivulini, mimi nakula nyuma ya jiko na kuku. Heshima hiyo hata mchungaji hajaipata! Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi si mgeni, na jembe wamenificha. Hawana roho mbaya, dada. Wananiogopa, na hilo linaniuma kuliko matusi.

Aliyekuwa akila nami ni Stanley, mgonjwa mwenzangu tuliyekuwa tukikutana kliniki siku ya sindano. Tulikuwa tunanunua ugali sahani moja pale getini, yeye anatetemeka, mimi natetemeka, tunachekana. Stanley amejiua, dada. Walimzika haraka, bila wimbo hata mmoja. Baba mdogo akasema watu wasikae msiba, kwani huyo alishakufa zamani. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, na nikajua msiba wangu watausemaje.

Sasa nikwambie asilolijua mama. Tangu siku ile nimekuwa nikitaka kumfuata Stanley. Sauti zinanihimiza, lakini nisizisingizie. Hata zikinyamaza, mimi mwenyewe nataka. Nimechoka, dada, nimechoka sana. Juzi nilimweleza nesi Anitha wa kliniki. Hakushtuka. Alinishika mkono, akasema nisiachwe peke yangu hata kidogo, akauliza ni ndugu gani anaweza kuja kukaa nami. Nilikutaja wewe. Kisha nikaona aibu, maana miaka yote hii umetuma nguo, mwenyewe hujafika.

Usitume shati jingine. Njoo wewe. Sitaki maneno ya busara, wala usije na watu wa kuniombea. Nawa mikono, kaa nami nyuma ya jiko, ukate tonge kwenye sahani yangu. Na mkono wangu ukitetemeka, usisogee.

Nisalimie shemeji na watoto, wasinisahau mjomba wao. Mama anakusalimu sana. Ameniona naandika, anadhani nakushukuru kwa shati.

Ni mimi mdogo wako,
Yoramu