Dawa ya Masara

Masara, 3 Februari 2025

Moraa mwanangu,

Hujambo? Masomo ya uuguzi huko Homa Bay yanaendaje? Sisi tuko, Mungu anatuweka. Simu yangu ilitumbukia kwenye karai la kuoshea dhahabu, kwa hivyo barua nampa jirani yetu Priscah, anakuja huko kuchukua samaki wa omena.

Kezia, mke wa kaka yako Omanga, ana mimba ya miezi mitano. Mimi mikono inatetemeka siku hizi, chai yote inaishia kwa leso. Fizi nazo zinauma. Lakini usijali, dawa natumia kila siku.

Mamako,
Nyatichi

Homa Bay, 12 Februari

Mama mpendwa,

Habari ya nyumbani? Mimi mzima. Pole kwa mikono, labda ni presha. Wewe uliyekuwa unakimbia sindano, leo unatumia dawa bila kusukumwa? Haki nimefurahi! Usiruke hata siku moja. Uiweke ndani ya nyumba, si nje kwa jua. Na unitajie jina lake.

Bintiyo,
Moraa

Masara, 20 Aprili

Moraa,

Umeamkaje mwanangu? Kezia ndiye ananiandikia, kalamu imenikataa. Jina sijui, sisi wote huku tunaiita dawa tu. Nimekutii, nimeiingiza jikoni. Hata kuchoma tunachomea humo, mlango tumefunga. Kezia ananishikia sufuria. Naye vidole vimeanza kumcheza, tunachekana.

Mamako,
Nyatichi

Homa Bay, 29 Aprili

Mama,

Salamu baadaye. Dawa ya hospitali haichomwi! Mwalimu alituonyesha hifadhi ya utafiti wa matibabu mtandaoni. Kwingine makala zimefungwa mpaka ulipie, hii iko wazi kwa yeyote. Nikaandika: wachimba dhahabu, mikono kutetemeka. Nikasoma kuhusu zebaki, kile kimaji kizito mnachokamatia dhahabu. Moshi wake ni sumu, na humfikia mtoto tumboni. Halafu mstari mmoja ukanimaliza: wachimbaji wenyewe huiita "dawa."

Mama, ni mimi niliyekwambia usiruke siku. Toeni hiyo kitu! Kezia asiingie jikoni kabisa. Omanga yuko shimoni, simu haishiki. Wodi wamenikatalia ruhusa mpaka Ijumaa. Priscah nimemkimbilia sokoni na barua hii.

Bintiyo,
Moraa

Masara, 1 Mei

Moraa mwanangu,

U mzima? Usishangae mwandiko, huu ni wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Dawa Omanga ameitoa, na sufuria ametupa. Usijilaumu, ni mimi nilikosa kukueleza.

Kezia alijifungua juzi, mwezi wake haujafika. Ni mvulana. Hospitali wametuambia tusubiri. Anapumua, macho anafungua, lakini hajalia hata mara moja. Nimemfinya kidogo, Mungu anisamehe, akanyamaza tu.

Hiyo hifadhi isiyolipiwa, ifungue tena leo. Niulizie: mtoto wa namna hii hulia siku ya ngapi?

Nyanyake,
Nyatichi