Faini ya Kuchelewa Niliyotozwa Nikiwa Nimewahi

Magomeni, Jumanne, 14/10/2003

Ati faini ya kuchelewa! Mimi, niliyeweka rejesho langu la mkopo mezani kabla hata mwenyekiti hajafika!

Mwenzetu Mama Rehema hakuja kikundini leo, yuko kijijini Mahurunga anaokota korosho zake. Kama kawaida ya mikopo hii ya kudhaminiana, tukazuiwa kutoka mpaka tumchangie rejesho lake. Tukachanga. Bado afisa mikopo akasema rejesho la kikundi limechelewa, akatutoza faini wote, sawasawa.

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi sijawahi kuchelewa hata wiki moja."

Akacheka. "Ndiyo maana tunakupenda, mama. Wewe huna usumbufu."

Huna usumbufu! Yaani ningekuwa msumbufu...

Nimelipa. Kinachoniuma zaidi ni kwamba Jumanne ijayo nitawahi tena, na yeye anajua.