Tulivyokwenda Kuona Nyati Wakipigana

Guangzhou, Novemba 1998

Kwa mamaangu mpenzi, Bi Asha, Wete.

Assalamu alaikum. Mama, naanza na mguu wako, maana Dada Maryam ameniandikia kuwa umeanza kuvimba tena. Ile dawa ya kuchua niliyompa mgeni wa Mkoani imefika? Na karafuu mwaka huu zimebeba, au majani matupu? Na mwanangu Nassor, ameshang'oka meno ya mbele? Mimi na Kaka Khamis tu wazima, alhamdulillahi. Baridi inaanza, asubuhi natoka na sweta, mchana nalibeba mkononi.

Uliniuliza kama Wachina nao wana mashamba au nchi yao yote ni maduka. Sikuweza kukujibu, kwa sababu tangu nije nilikuwa naijua njia moja tu, kutoka chumbani kwetu Xiaobei kwenda soko la nguo la Shahe, na kurudi. Sasa mashamba nimeyaona. Na nimeona jambo lililonifanya nikutamani uwe ubavuni mwangu: mchezo wa ng'ombe. Ndiyo, mama, kama wetu wa Pemba, ila si kama wetu.

Yuko mwanamke wa rika langu anaitwa Chen, ndiye anayetuuzia suruali pale Shahe. Kila akiniona huniita "laoban", yaani tajiri, ingawa anajua tajiri ni Kaka Khamis na mimi ni wa kufunga marobota. Mwezi uliopita soko lilipofungwa kwa sikukuu yao ya taifa, akaniambia kwamba huko kwao milimani, wakimaliza kuvuna mpunga, vijiji hupiganisha nyati wa kufugwa, na mwaka huu nyati wa baba yake atapigana. Akaniuliza kama nataka kwenda.

Nilitaka sana. Kaka Khamis alisita mpaka aliposikia kuwa Papa Kasongo naye anakwenda. Huyu ni mzee wa Kikongo kutoka Lubumbashi, Mkristo, mtu wa heshima, ananunua viatu kwa Chen mdogo, ndugu yake Chen. "Basi nenda," Kaka akasema, "lakini usile kitu usichokijua." Nikafunga mayai ya kuchemsha na mkate, nikapanda.

Tulikwenda na gari dogo la mizigo la Wu, binamu yake Chen. Mama, safari ni ya siku mbili. Tulipita mashamba ya miwa yasiyokwisha, kisha ikaja milima ya ajabu, haikushikana kama milima mingine, imesimama mmojammoja katikati ya mpunga kama vichuguu. Wakulima wanaanika mpunga juu ya lami yenyewe, na magari yanapita juu yake, hakuna anayegomba. Nikamuuliza Wu kwa nini. Akasema magurudumu yanasaidia kupura.

Tulipokuwa tunasimama kula, watu walikuwa wanatoka madukani kututazama. Mimi walinishika mtandio. Bibi mmoja alilowesha kidole kwa mate, akamsugua Papa Kasongo mkono, akakitazama kidole. Papa Kasongo akamwachia mkono wake kwa upole. "Haitoke, mama," akamwambia kwa Kiswahili chao. "Njo vile nilizaliwa." Bibi akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa.

Tulicheka, lakini Chen hakucheka nasi. Njia nzima alikuwa amepakata mfuko. Siku ya pili nikamuuliza mna nini. Akaufungua: viatu vidogo vyekundu na mkoba wa shule. Ndipo aliponieleza kuwa ana binti anaitwa Lan, miaka saba, aliyemwacha kwa wazazi wake angali ananyonya alipokwenda mjini kutafuta kazi. Sikukuu za kurudi kwao zilimpita moja baada ya nyingine. Sasa duka limesimama, chumba kipo, anataka kumchukua aanze shule Guangzhou.

"Baba yako anajua?" nikamuuliza.

"Hajui," akasema. "Anadhani nakuja kuangalia nyati."

Kijiji kiko juu ya mto, nyumba zote za mbao, na daraja lao lina paa na mabenchi, watu wanakaa humo kupiga soga. Baba yake Chen alitupokea vizuri. Nyuma ya mguu wake alisimama mtoto mwembamba, miguu imejaa tope. Chen akachutama, akamnyooshea viatu. Mtoto akavipokea, akasema neno moja. Wu akatunong'oneza kuwa ndivyo watoto wa pale wanavyomwita mwanamke yeyote mgeni. Chen akatabasamu, akasema anakwenda kunawa uso. Alikaa huko muda mrefu.

Asubuhi ya pili tukaenda kwenye shamba lililokwisha kuvunwa. Watu walijaa mpaka juu ya vilima, wanawake wamevaa nguo nyeusi za kung'aa zilizotiwa nili, wanaume wanapiga matoazi makubwa ya shaba. Mimi nilingojea zumari kama kwetu, lakini hakuna zumari. Wala hakuna kijana wa kumtania ng'ombe kwa kanga na kumkimbia. Huko mtu haingii mchezoni. Nyati wawili wanaletwa huku na huku, wamevalishwa vitambaa vyekundu, wanaachiwa, wanakimbiliana vichwa chini. Vilipogongana, mama, nilisikia kama mchi umekosa mtama ukapiga kinu. Nyati walisukumana, pembe zimekamatana, miguu inazama topeni, na mimi nilikuwa nimemshika mkono mwanamke nisiyemjua.

Nyati wa baba yake Chen alivumilia, kisha akageuka akakimbia. Akatoka uwanjani, akapita katikati ya watu waliotawanyika, akasimama kwenye kona ya shamba la mbali, anahema, hataki mtu amkaribie. Wanaume walimwendea na kamba, akawatishia kwa kichwa, wakarudi. Mara nikamwona Lan anavuka shamba peke yake, polepole, hana hata fimbo.

Chen alipiga kelele za jina lake, akaanza kukimbia. Baba yake akamshika. Mtoto akageuka, akasema kitu kwa hasira, na watu waliokuwa karibu wakacheka. Wu akatufasiria: "Anasema usipige kelele, unamtisha."

Basi Chen akasimama. Mtoto akamfikia yule nyati, akamkuna chini ya taya, akaishika kamba ya pua na kumwongoza. Kumbe ndiye anayempeleka malishoni kila siku, kama Nassor na mbuzi wako. Walipotupita, Chen alimuuliza jambo kwa sauti ndogo. Lan akafikiri, kisha akampa ncha ya kamba. Wakateremka wote watatu mtoni kumwosha. Papa Kasongo akanishika bega, akasema, "Tuwaache, mama. Tusiwafuate." Tukabaki darajani tunakunywa chai.

Kesho yake Chen akamwambia baba yake kilichomleta. Mzee hakukasirika. Alisema tu, "Muulize mwenyewe." Lan alipoulizwa, alitaka kujua nyati atapelekwa mtoni na nani. Chen akamwambia Wu aturudishe sisi, na duka alifungue Chen mdogo; yeye akabaki.

Amerudi juzi, peke yake. Viganja vyake vimepasuka kwa kamba. Wamekubaliana Lan aje mjini mwaka mpya wa Kichina autazame, kisha aseme anataka nini. Nikamuuliza, "Sasa anakuitaje?" Akasema, "Haniiti. Lakini haniiti tena lile neno la wageni."

Mama, nimekaa na jibu hilo. Nassor nikimpigia simu kwa jirani, ananiamkia kama anavyomwamkia kila mgeni, kisha anakurudishia wewe. Nimemwambia Kaka Khamis kwamba Ramadhani hii nakuja, inshallah, na sibebi mzigo wa biashara. Nakuja kukaa. Usimwambie Nassor kuwa namletea kitu.

Nisalimie Dada Maryam na mume wake, shangazi mkunga, mjomba mvuvi wa pweza, na mwalimu wa chuo anayemfundisha Nassor Kurani. Papa Kasongo naye anakuamkia. Barua hii ikifika, msomee Nassor hapo pa nyati, taratibu. Akiuliza swali lolote, hata la kipuuzi, niandikie swali hilo kama alivyolisema, usimjibu wewe.

Mwanao akuombeaye afya,
Rukia