Jibu Linikute Hai

Mume wangu mdogo Kazungu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Magarini tu wazima, na shangazi yako bado anagombana na mbuzi wa jirani.

Waniuliza kwa nini nimekubali picha ya nyama ya titi langu itumwe kwa daktari nisiyemjua.

Nilipokuwa msichana, dada yangu Kadzo alikatwa kipande cha nyama kama hiyo. Kilipelekwa Mombasa kwa basi, ndani ya kichupa. Jibu lilitukuta mikekani, kwenye matanga yake. Wazee wakasema, "Lichomeni, mwenyewe hayupo." Nikasimama. "Lisomeni! Alilingoja." Likasomwa. Ugonjwa ulikuwa na jina, na dawa.

Jana, huko Malindi, kipande changu kiliwekwa kwenye kioo, mashine ikakipiga picha, na picha ikafika Nairobi kwa mtandao. Shangazi yako akanong'ona, "Mama, wageni wauone mwili wako?"

"Wautazame! Hata uzeeni napendeza."

Jibu laja kesho. Likiwa baya, halitanikuta mkekani nikililiwa. Litanikuta mlangoni, nimejifunga leso ya Kadzo, na nina la kulijibu.

Ni mimi bibi yako, mke wako wa kwanza,
Sidi